Meno Yangu Yaliyoko Kwenye Bango

Maili Moja, Kibaha
Ijumaa mchana

Kwa dada yangu mpendwa Maulida,

Assalaam alaykum dada, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kitako mahali penye kivuli, mzima wa mwili na roho, wewe na shemeji Abdala na watoto wote, hasa bi harusi wetu Nuria ambaye najua siku hizi hashiki mwiko wala ufagio kwa kuzihurumia kucha zake. Goti lako linaendeleaje? Na ile mihogo ya bondeni, nguruwe wamewaachia chochote? Huku kwetu mvua imenyesha kidogo tu, ya kutia tope mlangoni na kuondoka. Mimi ni mzima kwa upande mmoja. Huo upande wa pili ndio ulionishikisha kalamu.

Najua utaigeuza bahasha hii mara mbili tatu ukijiuliza Swaumu kapatwa na nini hata aandike barua kama watu wa zamani. Dada, usikasirike nikikwambia ukweli. Simu yako unaipokea kwa sauti ya nje, na kabla sijamaliza kukuamkia, jirani yako ameshaniitikia marahaba. Nikikutumia sauti ya WhatsApp, Nuria anaisikiliza kwanza halafu anakusimulia anavyotaka yeye. Na ipo sababu nyingine ya kutokukupigia, nayo nitaifikia huko chini. Kwa hiyo nimemwomba Evaline, yule jirani yangu anayefanya kazi halmashauri, mwenye kikao huko kwenu Kisarawe kesho Jumamosi, akukabidhi mkononi mwako. Isome peke yako. Ukimaliza, shemeji Abdala anaweza kuisoma ukiona inafaa, lakini isitoke nje ya mlango wenu.

Nianze na lile lililokuudhi. Siku ya mazishi ya Baba mdogo Shabani, Mungu amrehemu, mtani wetu Mzee Ponsiano aliingia uwanjani amevaa kanzu ya marehemu na kofia yake ameigeuza nyuma mbele, akawa anatembea kama Baba mdogo alivyokuwa akitembea akitoka kudai kuku wake kwa watu. Akalala kwenye mkeka, akasema maiti imegoma, haiendi kaburini mpaka ipewe chai na mkate wa kumimina. Watu walicheka mpaka mjane mwenyewe akacheka na machozi yakimtoka, na wewe ulicheka ukashika nguzo. Mimi nilikuwa nimejifunika mdomo kwa khanga. Mzee Ponsiano akaniona, akaja akachuchumaa mbele yangu, akatangaza kwamba mke wa daktari wa meno kaja msibani na meno ya watu, anaogopa yasije yakamponyoka. Sikucheka. Akasema basi nimehukumiwa, nadaiwa kicheko kimoja, na mpaka nikilete sihesabiwi kuwa miongoni mwa wafiwa.

Ulinivuta pembeni jikoni ukaniambia kwamba mtu asiyecheka na mtani msibani ama ana kinyongo na wafiwa, ama ameshaona watu wa kwao si saizi yake. Nilinyamaza, ukachukulia kunyamaza kwangu ni jibu. Tangu siku ile nasikia hata shangazi ananiita bibi Kibaha. Dada, naapa, sikuwa na kinyongo wala maringo. Nilitaka sana kucheka. Kanzu ile na ile kofia, nani angejizuia? Lakini kila nilipoinua mdomo wa juu, nilisikia ladha ya damu, na asubuhi ile kwenye kioo nilikuwa nimeona chuma.

Unajua vyema jinsi nilivyopoteza meno yangu mawili ya mbele, maana wewe ndiye uliyeniokota chini ya ule mkorosho na kuyatafuta kwenye majani makavu ukidhani yatarudishwa. Nikaishi na meno ya kubandika mpaka nikaolewa. Nilikuwa nayavua usiku na kuyatia kwenye glasi, na shemeji yako Mudathir hakuwahi kunicheka hata siku moja. Alipofungua kliniki hapa Maili Moja, mtu wa kwanza kumwekea meno ya kupandikiza nilikuwa mimi. Ni kama skrubu, dada, inakazwa ndani ya mfupa wa taya, halafu jino linakaa juu yake. Aliifanya kazi ile kwa mapenzi, hilo sitalikana mbele ya mtu yeyote. Idd iliyofuata nilikuja kwenu nikamenya muwa kwa meno mbele ya watoto, unakumbuka? Ukapiga kigelegele. Furaha yangu siku ile ilikuwa ya kweli tupu, wala sikuwa naigiza.

Baadaye akanipiga picha nikicheka, akaiweka kwenye bango la kliniki, kichwa changu kikubwa kuliko mlango. Mimi ninakaa mapokezi, chini ya picha yangu mwenyewe. Mgonjwa akiingia anatazama bango, ananitazama mimi, anauliza kama ndiye, nami natabasamu. Wengine huomba niinue mdomo waone vizuri. Mama mmoja kutoka Kwala alitaka kugusa, nikamruhusu. Mudathir akawa anawaambia kwamba yeye hahitaji kueleza sana, cheti chake kimekaa pale mapokezi. Nilikuwa nalipenda lile neno. Siku hizi nikilisikia nainamia daftari la wagonjwa.

Maana mwaka jana fizi zilianza kutoka damu nikipiga mswaki. Nikamwambia. Akanisafisha, akanipa dawa ya kusukutua, akasema sipigi mswaki sawasawa. Nikapiga mswaki mpaka mkono ukachoka. Zikavimba, zikapoa, zikavimba tena. Halafu fizi ikaanza kupanda juu, kidogo kidogo, kama mtu anayekunja suruali avuke maji, na chini yake kukaonekana mstari wa kijivu. Siku moja aliniketisha kwenye kiti chake cha kazi, akabonyeza fizi kwa kidole, ukatoka usaha. Dada, mume wangu ni mtu wa maneno, unamjua. Alivua glovu, akanawa mikono muda mrefu sana, akazima taa ya kiti nami bado nimelala pale. Jioni akaniambia nijifunze kutabasamu bila kuinua sana mdomo wa juu. Akanionyesha na namna yake kwenye kioo.

Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua. Na yeye akajua kwamba najua. Tukawa tunaishi humu ndani kama watu wawili waliofungiwa chumba kimoja na nyoka, kila mmoja anajifanya hajamwona ili mwenzake asipige kelele.

Nilipomwomba tuyatoe aliniomba subira. Anafungua tawi la pili Kwala, kule kwenye viwanda vipya na bandari kavu, watu wamejaa. Bango la huko limeshasimikwa barabarani, na aliyeko juu yake ni mimi yule yule, meno thelathini na mawili, nacheka kama niliyeshinda bahati nasibu. Akaniuliza nikitokea sasa na pengo, watu watasema nini? Godbless, msaidizi wake wa kliniki, na wale mabinti wawili watakula wapi? Ndiyo maana nasema nimebanwa, dada. Nikisema, namvunja mtu aliyenitendea mema yangu yote. Nikinyamaza, ninaoza mdomoni taratibu huku nawakaribisha watu viti. Nilichagua kunyamaza, na ningeendelea hivyo, maana mdomo ni wangu na mume ni wangu.

Lakini ukaja wewe. Ulipopiga simu kusema kwamba mama wa bi harusi hawezi kukaa kwenye picha za harusi na mapengo, kwamba muwa ule wa Idd bado unauona machoni, Mudathir alirukia simu kabla sijafungua mdomo. Akakupangia Jumanne hii, akakuambia ni zawadi yake kwa ukoo. Ulilia kwa furaha, nami nilikuwa nimekaa pembeni nasikia. Nasikia Kisarawe mmeshatangaza. Nasikia shemeji Abdala kaahidi kuchinja mbuzi siku utakayorudi.

Nilimsubiri amalize kula, nikamwomba kwa upole akupeleke kwanza Dar ukapigwe ile picha inayozunguka kichwa, ioneshe mfupa wako pande zote. Aliniangalia kama niliyemtemea mate. Akaniuliza hata mimi simwamini? Akasema ataupapasa mfupa kwa kidole na kuangalia picha ya kawaida, inatosha. Akaongeza kwamba mimi na wewe taya letu ni moja, la marehemu mama, na kama aliweza kwangu hatashindwa kwako. Dada, neno hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi. Ni kweli taya letu ni moja. Hata mapengo tumeyapata mahali pale pale, na yako ni ya miaka mingi kuliko yangu.

Jumapili akasafiri kwenda Arusha kwenye semina, atarudi Jumatatu jioni. Jumatano nikamwambia Godbless kwamba nina mafua, nikavaa barakoa, nikaenda Dar na Evaline. Katika hospitali moja huko nilionana na daktari wa meno, mama wa makamo, mpole, anaongea huku anakuchorea kwenye karatasi. Alinipiga ile picha. Akanigeuzia kioo cha kompyuta nione taya langu kama mkate uliokatwa vipande.

Aliniambia kwamba picha ya kawaida, ile bapa, inaonyesha urefu wa mfupa kwenda juu. Unene wake, kutoka mbele kwenye mdomo mpaka nyuma kwenye kaakaa, haiuonyeshi. Na mahali palipokaa bila jino miaka mingi, mfupa hunywea kwa upande wa mbele. Ukipapasa unadhani upo, kumbe ni fizi nene imekaa juu ya mfupa mwembamba. Akasema skrubu inahitaji mbele yake ukuta wa mfupa wa kama milimita mbili ili ikae salama. Mimi, kwa anavyokadiria, nilikuwa na kitu kama unene wa ukucha, na sasa hata ukucha huo haupo, usaha umeula. Unakumbuka tulipojenga jiko la nyuma, fundi akachimbia nguzo karibu mno na mtaro? Kwa juu ilionekana imesimama imara. Mvua ya kwanza udongo wa upande wa mtaro ukaporomoka, nguzo ikabaki uchi mpaka chini, na wewe ndiye uliyesema tangu mwanzo kwamba fundi yule hakutazama pembeni. Basi ndivyo ilivyo mdomoni mwangu.

Nilimuuliza kama meno haya ni mabaya kwa watu wote. Akacheka kidogo, akasema hapana, yeye mwenyewe huyaweka kila wiki na watu wanakaa nayo miaka na miaka. Cha muhimu ni kupima kwanza unene, na kama mfupa hautoshi, kuuongeza na kusubiri upone ndipo uweke. Na baada ya hapo kuchunguzwa fizi mara kwa mara, damu ikionekana isipuuzwe. Nakueleza haya ili usidhani nakutisha, wala usimwone shemeji yako ni muuaji. Wapo watu wengi hapa Maili Moja aliowawekea magego na wanatafuna mahindi ya kuchoma bila wasiwasi. Ni kwamba mbele ya mdomo wetu sisi, hakutazama pembeni. Na alipogundua, badala ya kusema nilikosea, akaona haya. Haya yake ndiyo iliyokuwa inanifunga mimi mdomo.

Dada, nisikilize. Jumanne usije kukaa kwenye kiti kile. Najua umeshatangaza. Najua utaaibika mbele ya wakwe wa Nuria, na shemeji Abdala atauliza mbuzi amfanye nini. Aibike mbuzi. Harusi yenyewe ni mwezi ujao, na kwa harusi meno ya kubandika yanatosha kabisa, yanatengenezwa ndani ya wiki, nami nimeyavaa miaka bila mtu kujua ila wewe na Mungu. Ukitaka ya kupandikiza baadaye, tutakwenda wote wawili Dar ukapimwe. Lakini usimruhusu mtu yeyote atoboe taya la mama yetu kwa kupapasa.

Hapa nimeacha kidogo kuandika, kaingia mgonjwa. Kaniuliza kama ndiye mimi wa kwenye bango, nikaitikia kwa kichwa. Kaniuliza mbona nimevaa barakoa, nikamwandikia kwenye simu kwamba sauti imekauka. Amekaa pale kwenye benchi anaitazama picha yangu.

Sasa nifike kwenye ile sababu ya kutokukupigia simu. Siwezi kukupigia, dada, kwa kuwa ungesikia neno langu la kwanza tu ukajua. Herufi zinanitoka na upepo, jina langu mwenyewe nalitamka kama mtu anayepuliza moto. Jumatano ile, baada ya kuiona picha, daktari alisema ni vyema nikatafakari nyumbani kwanza, nikazungumze na mume. Nikamwambia nimetafakari mwaka mzima. Nikapanda kwenye kiti, Evaline akanishika mkono, na skrubu zote mbili zikatoka. Aliniambia hakutumia nguvu, zilikuwa zimeshalegea. Ninazo hapa kwenye pochi, zimefungwa kwenye pamba. Nyepesi, huwezi kuamini.

Kwa hiyo ninayekuandikia nina pengo. Mudathir hajui. Kila jioni anapiga, namtumia ujumbe kwamba mafua yamenibana. Nimeshinda siku mbili mapokezi na barakoa, namkaribisha kila anayeingia kwa macho tu, na juu ya kichwa changu kuna mimi mwingine anayecheka. Namwogopa mume wangu? Hapana, hajawahi kuninyanyulia hata sauti. Ninachoogopa ni uso wake, ile dakika atakayoona. Naogopa atalia. Na nikimwona analia nitamhurumia, nitasema sawa, nitarudi kwenye barakoa yangu mpaka Kwala ifunguliwe, na wewe utakalishwa kwenye kiti Jumanne mimi nikiwa nimekushikia mkoba.

Ndiyo maana nakuomba uje. Usije Jumanne, njoo Jumatatu mchana, kabla hajafika, wala usimwambie mtu kwamba barua ndiyo iliyokuita. Njoo ukae na mimi mapokezi, chini ya bango. Akiingia atatukuta wawili, nami nitaivua barakoa mbele yako, kwa kuwa mbele yako sitaweza kurudi nyuma. Nimejaribu kuivua nikiwa peke yangu mbele ya kioo na mkono umekataa. Sijui kitakachofuata. Huenda nikarudi na wewe Kisarawe jioni ile ile, huenda tukakaa watatu tukaanza kusemezana upya. Hilo namwachia Mungu, lakini mlango huo siwezi kuufungua kwa mkono wangu peke yangu.

Na kama ukimwona Mzee Ponsiano, mwambie Swaumu hakukataa kucheka. Mwambie kicheko chake kipo, hakijachacha, na akipenda na yeye apande gari aje nawe achukue haki yake. Akitaka na kanzu ya marehemu aivae. Nitacheka mdomo wazi, aone mpaka kooni.

Nisalimie shemeji Abdala, umwambie namheshimu sana na mbuzi anisamehe. Mbusu Nuria kwenye paji la uso, umwambie kwenye picha za harusi yake mama yake atakaa katikati, nami nitakaa pembeni yake, na kama wote wawili tutakuwa na mapengo basi ukoo utajulikana kwa mapengo. Wasalimie majirani wote, hata yule aniitikiaye marahaba.

Nakungoja Jumatatu.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Swaumu